Betri za Kisanduku

Milanzi, Sumbawanga
4 Juni 2023

Mwanangu Valeri,

Hujambo huko ziwani? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu inakwangua mifupa. Goti langu ni lile lile, usiulize. Ulezi tumeshavuna. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya Jenifa jirani inasomwa na nyumba nzima. Lukmani wa lori atakushushia unga na sweta. Najua utacheka, Kasanga ni joto, lakini usiku majini si mahali pa kifua wazi.

Umesema redio yako ni bubu tangu Mei, betri zimekwisha na maduka ya huko hayana. Vumilia, baba. Na hicho kisanduku alichofunga Mzee Amin mwenye boti kwenye chumba mnacholala botini, kile kinacholia hewa mbaya ya jenereta ikiingia, msikichukie. Unasema kinawaamsha bure, hewa yenyewe haionekani wala hainuki. Mtoto halii bure. Nimelea, najua.

Usilale na njaa. Usigombane na nahodha.

Mama yako,
Bertilla


Kasanga
19 Juni 2023

Mama, shikamoo. Sweta nimelipata, nimelivaa, sijacheka. Mwili wangu mzima.

Mama, Yohanes na Timoth wamekufa. Alhamisi usiku upepo ulikuwa mkali, wakafunga dirisha walale, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa zamu ya usukani. Alfajiri nikaenda kuwaamsha. Wamelala vizuri kabisa, midomo myekundu kama ya vitoto vichanga. Kisanduku hakikulia.

Nahodha Bundala akasema ni Masalu, mpishi wetu. Jioni ile Timoth alimwambia, "Ugali wako huu hata mbwa wa Kirando anaususa." Masalu akamjibu, "Basi kula, ndio wako wa mwisho." Utani tu, sote tulicheka. Asubuhi ukageuka sumu.

Walimpiga kwa makasia. Bundala akambana mikono kwenye ukingo wa boti, akaiponda kwa nyundo, kidole kimoja kimoja, akiuliza sumu iko wapi. Masalu anajibu, "Sijui, kaka," na kila akisema kaka nyundo inashuka. Nami nilimpiga teke, mama. Nilisikia ubavu ukiitika.

Yuko kwenye stoo ya nyavu, amefungwa kamba. Ndugu zake Timoth wanafika Jumamosi kutoka Kirando, wametuma neno kwamba wanakuja na mapanga. Usingizi hauji. Nafungulia redio, nasikiliza chochote hadi kunakucha.

Mwanao,
Valerian


Milanzi
20 Juni 2023

Valeri, salamu zangu leo ni fupi. Lori linaunguruma mlangoni, nimemwambia Lukmani asubiri.

Midomo hiyo naijua. Kabla hujazaliwa ulikuwa na dada, Avelina, wa miaka mitatu. Tulikuwa tunakaa Kate. Mwezi wa saba, baridi, mtoto anakohoa. Nikamwingizia jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba na chini ya mlango kwa kanga ili upepo usimpate. Nikaenda kusaga. Kurudi, amelala vizuri kabisa, midomo myekundu.

Watu wakasema ni Agnesi, mama Theodory, jirani yetu, kwa kuwa jana yake alimpa uji. Walimtoa ndani kwa kumvuta nywele. Mipini ya majembe, Valeri, na mmoja wao alikuwa marehemu baba yako. Agnesi alikuwa ananiita mimi. "Mama Avelina, waambie. Mama Avelina." Nimesimama pale, jiko bado lina moto nyuma ya mlango wangu. Utasema nilikuwa sijui. Nilipoingia kumchukua mtoto, kichwa kilinizunguka nikashika ukuta. Nilijua kuna kitu. Sikusema. Alikufa kwenye kizingiti chake, na jiko nikalitupa chooni. Baadaye nina mimba yako, nesi wa kliniki akatuambia kina mama msilale na mkaa. Nikatapika pale pale. Wakadhani ni mimba.

Sasa sikiliza. Uliniambia redio ni bubu na Kasanga hakuna betri. Leo inaongea. Betri umezitoa wapi, baba?

Usinijibu mimi. Wajibu wao, kabla ya Jumamosi.

Mama yako


Kasanga
26 Juni 2023

Mama, shikamoo. Herufi zimepinda, naandika kwa mkono wa kushoto.

Nimesema. Jumamosi walikuwa wameshamtoa Masalu stoo, wamemlaza kifudifudi mchangani. Nikasema betri nilizitoa mimi, siku ile kisanduku kilipotuamsha mara tatu na kila mtu akakitukana. Hawakuelewa. Nikafungua redio mbele yao, nikazirudisha kwenye kisanduku, nikakiweka chumbani botini, nikafunga dirisha, nikawasha jenereta. Tukasubiri nje. Kikaanza kulia. Kaka mkubwa wa Timoth akasema, "Zima." Nikazima jenereta, kisanduku kikaendelea. Akaniambia, "Rudia ulichosema." Nikarudia.

Bundala ndiye aliyenipiga wa kwanza, kwa bomba la chuma. Taya, kisha mkono wa kulia. Meno manne yamebaki mchangani. Wengine wakafuata. Aliyewazuia ni Masalu. Hana mikono ya kushikia mtu, akajilaza tu juu yangu. "Mmeshakosea mara moja, kaka zangu. Inatosha."

Bundala yuko mikononi mwa polisi. Mimi watanichukua nikipona. Masalu yuko kitanda cha pembeni hapa hospitali, namnywesha uji kwa kijiko. Anakunywa.

Mwanao,
Valerian


Milanzi
28 Juni 2023

Mwanangu, pole. Pole ya karatasi haitoshi, nakuja. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara naona meno yako manne ya kwanza yalivyoota, moja moja, ukining'ata titi.

Kesho naanzia Kate. Theodory wa Agnesi bado yuko shamba lile lile. Siku ile alikuwa na miaka kumi, amejificha nyuma ya ghala la mahindi, aliona yote. Sasa ni mtu mzima, na kila akilewa huuliza mama yake alimkosea nani, na husema huyo mtu akimjua atamkata. Jenifa ananiambia, "Mama Valeri, miaka thelathini, nani anakuuliza?" Theodory anauliza. Hakuna anayemjibu.

Nitamwambia nyumbani kwake, mchana, mkewe akisikia. Naenda peke yangu. Nikitoka huko, Ijumaa nitakuwa kwenye lori la Lukmani na unga wa uji wenu wawili, na betri mpya. Ni za kisanduku. Za redio utanunua mwenyewe.

Lori likifika bila mimi, Valeri, usimtafute mtu wa kumpiga.

Mama Avelina, mama yako,
Bertilla