Aibu ya Vidonge vya Kolesteroli

Mpendwa Wambui,

Hapa mtaani Tena hatujambo, na mamako anakusalimu sana. Umeniuliza kama nami, kama wewe, niliona aibu nilipoandikiwa dawa ya kolesteroli. Niliona, mjukuu wangu. Pale kliniki muuguzi aliita kwa sauti, "Yule mama mnene, mwenye mafuta kwenye damu!" Watu wote wakageuka. Nikaondoka bila dawa, uso ukiniwaka.

Nyumbani nikamweleza mume wangu, guka wako, mwembamba kama ufito. Akatoa vidonge vya kolesteroli mfukoni mwa koti lake.

"Hata mimi nameza, kwa siri. Niliogopa utanicheka."

Nililia. Kesho yake akanisindikiza kliniki, akanishika mkono mbele ya foleni nzima. Bado naona haya kupanda kwenye mizani, Wambui, lakini dawa nameza.

Nakuombea kila asubuhi,
Shosho