Mama mukwe kwa osteo

Tania, usicheke. Pale mutaa wa Panda kwa osteo, ule docta wa kunyoosha mifupa na mikono, minye sirudie tena. Haya njo itaniua!

Unajua vile mukongo inaniuma tangu nilizala, hata kumubeba mutoto Jaël nashindwa. Pasta alishaniombea mara tatu, bure. Leo osteo akanilalisha, akaweka mikono pa tumbo yangu, akafunga macho, akanyamaza kabisa.

Na mama mukwe eko pa kiti, anaangalia. Kwa kichwa yake, docta ameanza maombi!!

Akaruka: "TOKA mu hii tumbo, roho muchafu!" Tania, akasema na lugha za roho! Bamama ba mimba benye banangojea inje bakaitika "Ameeen!"

Maskini docta, hakufungua hata macho: "Mama, doucement, pole pole, niko natafuta bassin, mufupa ya kiuno."

"Tafuta, papa! Utaipata mu jina ya Yesu!"

Bassin!! Mu jina ya Yesu!!

Njo nikasimama. Mukongo haiume hata kiloko. Nikamubeba Jaël, nikalia kama mujinga.

Mama mukwe anasema huyu mutumishi hana kelele lakini eko na nguvu. Alikamata rendez-vous ingine kwa docta pale pale.

Haiko ya minye. Ya pasta. Kumbe na yeye mukongo inamuumaka.