Fomu ya Bima Iliyorudishwa Ikiwa na Jina Moja Limekatwa

KIKAO CHA DHARURA, CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI
Jumanne, saa nane mchana, chumba cha kukatia vitambaa.
Waliohudhuria: 29.
Wasiohudhuria: wawili. Mmoja amefiwa, mwingine hakutoa taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/4: TAARIFA
Mwenyekiti alieleza kwamba kampuni ya bima ya afya imekubali wanachama thelathini na kumkataa mmoja, Fundi Vifungo, kwa kuwa faili lake la hospitali linaonyesha ametibiwa mara tatu baada ya kupigwa na mumewe. Alipendekeza jina liondolewe ili wengine wasicheleweshwe, naye "atafutiwe njia nyingine". Aliulizwa ni njia gani. Alifungua majadiliano.

KUMB. NA. 2/4: MAJADILIANO
Fundi Mapazia, mdogo wa mume huyo, alisema mambo ya ndani yasiletwe kikaoni.

Fundi Vifungo alisimama, akasema: "Shemeji, ya ndani yalitoka nje siku niliyobebwa kwa machela. Daktari aliniuliza, nikasema ukweli. Sasa ni mwaka wa pili naishi kwangu na wanangu. Aliyenipiga ana bima kazini kwake. Mimi niliyepigwa ndiye hatari?"

Fundi Mapazia aliomba maneno hayo yasiandikwe. Kikao kiliagiza yaandikwe.

Fundi Suti, mgonjwa wa kisukari, alisema: "Anayeihitaji bima hii kuliko wote hapa ni mimi. Dawa yangu inaisha mwezi huu. Lakini tukimtoa huyu, kesho dada mwingine akipigwa atasema ameteleza bafuni. Tuingie wote au asiingie mtu."

Mwenyekiti alilalamika kwamba anafanywa mbaya bila sababu. Fundi Suti alimjibu kwamba sababu ipo.

KUMB. NA. 3/4: MAAZIMIO
Fomu irudishwe na majina yote, pamoja na barua ya kupinga. Nakala ipelekwe ofisi ya serikali inayosimamia bima. Waliokubali: 27. Aliyekataa: mmoja. Mwenyekiti hakupiga kura, ila barua ilipoandikwa aliisaini papo hapo. Fundi Suti aliomba aipeleke mwenyewe.

KUMB. NA. 4/4: KUFUNGA
Watu walirudi kwenye vyerehani saa kumi na dakika ishirini.

Nyongeza ya Katibu: Kabla kumbukumbu hizi hazijasainiwa, jibu la kampuni limefika. Wanachama wote thelathini na mmoja wamekubaliwa. Fundi Vifungo aliisoma orodha mara mbili, kisha akaomba ruhusa awahi kliniki na mwanawe.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)