Kapeti la Maua Pale Ulipolala

Mama,

Shikamoo. Kulia nimelia vya kutosha, na Shangazi Mwanaidi, wifi yako huyo, ananipimia hata machozi. Leo nakuandikia kukwambia kwamba nimetandika kapeti jipya sebuleni, jekundu, la maua makubwa, na siliondoi.

Unajijua ulivyokuwa mvua za masika zikishakatika. Tope la Kawe likikauka tu, unavua mapazia, unatoa makochi uani, unatandika kapeti la maua. "Nyumba nayo ivae, imenyeshewa vya kutosha." Mwaka huu mvua zimekatika na hakuna aliyegusa hata pazia. Mikeka ya msiba bado imeegemea ukuta, mwezi wa tano sasa tangu utuache. Na Baba alikuwa hajakanyaga sebule tangu siku ile ulipolazwa pale katikati, umeshavishwa sanda, tukapita mmoja mmoja kukuaga. Chumbani akiingilia mlango wa uani. Chakula akila barazani, hata mvua ikimrushia. Amekonda, Mama. Niliogopa nitazika tena.

Basi Jumamosi nikaenda sokoni Mwenge, nikarudi na kapeti begani. Sikulitandika pembeni wala mbele ya runinga. Nimelitandika palepale ulipolala.

Shangazi kuingia tu, akashika kiuno. "Mama yako hata mwaka hajatimiza, we ushatandika mawaridi! Watu watasemaje?" Nikamjibu kwa adabu uliyonifunza, ila nikamjibu: mtoto dini imempa siku tatu za kuomboleza, eda ni ya mke aliyefiwa, na Baba ni mume. Akasonya hadi jirani akasikia. Akainama alikunje. Nikakaa juu ya kapeti! Nisamehe, mwanao mtu mzima nimekaa chini miguu nimenyoosha kama mtoto wa chekechea, Shangazi anavuta ncha huku anamtaja marehemu bibi. Sikunyanyuka.

Kelele zile zikamleta Baba. Akasimama mlangoni, nikadhani naye atanifokea. Akavua ndala. Akaja akaketi kando yangu, akapitisha kiganja juu ya ua moja, taratibu, halafu akalia. Hata siku ya maziko sikumwona akilia. Shangazi akaachia ile ncha, akatoka bila kuaga.

Mchana Baba alikula ndani, wali na samaki wa kupaka, akaomba aongezewe. Nikaenda jikoni kumpakulia, na huko jikoni nikalia kwa furaha, ndiyo, furaha, na wanaosema ni mapema waseme.

Mungu akulaze pema, Mama yangu. Nakukumbuka mpaka kifua kinauma, lakini nyumba yako sitaifunga. Masika yajayo yakiisha nitatandika tena, na Shangazi akitaka kulikunja, itabidi atunyanyue wawili.

Mwanao,
Zuhura