Familia Bila Kelele

Wanangu,

Maharage yameiva, bado chumvi. Msiyale chapwa halafu mkanisema huko mnakonisemea.

Asubuhi mkwe wangu alikuwa na sabuni mikononi, akanipa simu yake nimtafutie namba ya fundi bomba. Nikakuta kundi linaitwa "Familia Bila Kelele". Mmo wote, hadi wajukuu. Mimi simo. Kumbe kelele ni mimi, na salamu zangu za alfajiri zenye picha za maua!

Simu yangu iko juu ya friji, nimeizima. Anueni nguo. ~~Sirudi.~~ Nitarudi jioni, niko kwa dada yangu.

Salamu zile nilikuwa nampa baba yenu kila alipofungua macho. Alipofariki nilibaki nazo mdomoni, ndipo nikawaletea ninyi.

Mama