Darasa la Injini Isiyowaka

Mpendwa mshauri, mkuu wa chuo chetu husema, "Injini ni injini, anayeijua moja anazijua zote," nami nimechoka kuitikia kwa kichwa, ndiyo maana naomba msaada wako. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa malori, karakana yetu haina umeme na ina injini moja tu juu ya stendi, wanafunzi wanaiita Bibi, haijawaka tangu niajiriwe, tunaifungua, tunaifuta, tunaifunga, na mtihani ni kuirudisha bila nati kubaki mkononi, sasa barabara mpya ya mpakani imepita mbele ya geti letu na kampuni ya nchi jirani imejenga gereji hapo karibu, ikawaita wanafunzi wangu kwa majaribio, akiwemo binti wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi ndiye niliyemtoa kwenye ushonaji, basi wakapewa lori lililogoma, wote wakakimbilia nati huku msimamizi wa gereji amewashikia kompyuta ya kusomea hitilafu na hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea, akacheka, "Mwalimu, hawa umewafundisha kuosha maiti," na njiani binti akaniambia, "Shangazi, bora ungeniacha na cherehani yangu." Msimamizi yuko tayari kuwafundisha kila Jumamosi, mkuu anasema atakayekwenda kuwapigia magoti wageni amefukuzwa, na gereji hiyohiyo inanitaka kazini, itanifundisha yenyewe, nami usingizi sina, niondoke au nibaki?

Mwalimu aliyechoka

Dada yangu, pole. Kuchoka kwako nakuelewa, kunyamaza kwako ndiko kunakonishinda. Miaka yote umewafutisha watoto wa watu vumbi, mpaka yakufike ya nyumbani ndipo unaandika? Huyo binti amekuonea huruma. Mimi ningesema makubwa zaidi.

Mkuu wako anasema uongo. Lori la siku hizi linamwambia fundi linapoumwa, na asiyeweza kulisoma ataishia kulishikia jeki. Asijifiche nyuma ya heshima ya taifa. Hao wageni walileta kazi mpaka getini kwenu, wakakuta mnapiga msasa.

Usiondoke sasa. Ukienda, utapona peke yako. Mwombe msimamizi akusubiri mpaka darasa hili limalize. Jumamosi hii waite wazazi, mwende wote gerejini, nawe uishike hiyo kompyuta na ukosee mbele ya wanafunzi wako. Tuone mkuu atalifukuza vipi darasa zima wazazi wakimtazama usoni. Akikufukuza wewe, kazi si umeshapewa? Unaogopa nini? Na binti mwombe radhi, tena kwa maneno machache, usimhubirie.

Nanyi viongozi mliokata utepe wa barabara ile, najua safu hii mnaisoma, mkitafuta kama mmetajwa. Mmetajwa. Lami mmeifikisha kwenye geti la chuo, mkapiga picha, mkaondoka. Rudini. Pelekeni umeme ndani ya karakana na lori moja linalowaka, kabla muhula ujao haujafunguliwa.