Fungu la Bibi Konsolata

Jumatatu, 3 Machi
Shifti ya ghala St Marys imeisha saa nane. Nimepanga maboksi kuliko wote. Supavaiza kakubali, ingawa hakusema. Nyumbani nimemkuta Mama kalala sakafuni tena. Mgongo. Miaka sita ananyanyua wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee Westmead. Vidonge vyake vikali vya mwezi vimeisha kwa wiki mbili, na najua kwa nini. Nusu anampa Bibi Konsolata, jirani yetu tangu kambi ya wakimbizi, anayelia na nyonga na hataki kusikia daktari. Kambini dawa ilikuwa kama chumvi. Ukiwa nayo, unagawa.

Nimemwambia Mama atulie, kazaa mtoto mwenye akili. Tutaenda kwa daktari mwingine, atuandikie vingine.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Mimi ndiye mkalimani wa familia, waziri wa mambo ya nje asiye na mshahara. Daktari mpya akauliza kama Mama ana daktari mwingine. Nikasema hana. Tena kwa tabasamu langu la kuombea kazi.

Akageuza skrini. Alama nyekundu. Kompyuta ya serikali inajua kila dawa kali: nani kaandika, famasi gani imetoa, siku gani. Mimi na shule yangu ya nusu nilidhani madaktari hawajuani.

Hakuita polisi. Alisema kompyuta haikatazi, inaonyesha tu, uamuzi ni wake. Akauliza vidonge vinaenda wapi. Kugawa ni kosa. Niliogopa Mama atafukuzwa kazi. Nikanyamaza. Akamwona Mama mraibu. Mama hakuelewa maneno. Ule uso aliuelewa.

Ijumaa, 14 Machi
Daktari wetu wa zamani naye ameiona alama ile kwenye kompyuta. Sasa famasi inampa Mama vya wiki moja tu, kila Ijumaa. Vinamtosha yeye, basi. Bibi amepiga simu mara nne. Mama anaitazama inavyolia. Nikatania kwamba Bibi anataka kuniozesha mjukuu wake. Hakucheka.

Jumanne, 25 Machi
Bibi alianguka bafuni juzi. Hospitali wanasema saratani, imekula mfupa wa nyonga. Vidonge vyetu vilikuwa vinaificha.

Nimeenda peke yangu kwa daktari wetu, nikamweleza yote. Akasema:
"Ungesema siku ile ulipoulizwa, tungemfuata huyo bibi. Asingelala na maumivu wiki zote hizi."

Mdomo wangu unajaza treni nzima. Siku ulipohitajika niliufunga. Najichukia.

Ijumaa, 11 Aprili
Bibi tulimzika Jumatano. Mama hajanilaumu. Bora angenilaumu.

Leo nimemletea dawa zake. Akazimwaga mezani, akagawa mafungu mawili, mkono umezoea. Akalitazama la pili.
"La dada yangu wa kambini," akasema.
Nikalirudisha koponi, kidonge kimoja kimoja. Nikamchemshia chai.